Hakimu kaitupa kesi yangu ya dagaa, nimshtaki yeye au nikate rufaa?

Shikamoo Shangazi. Naomba unisitiri jina, na ile mahakama usiitaje hata kama utaijua maana huku kwetu tunajuana wote.

Mi ni mama wa watoto wanne naishi huku upande wa Igombe, Mwanza, kazi yangu dagaa. Nanunua kwa wavuvi wakitoka ziwani alfajiri, naanika mwenyewe kwenye chanja, halafu napeleka soko la Mwaloni Kirumba au nawauzia matajiri wanaokuja na fuso. Mwaka jana mwezi wa nane tajiri mmoja ambaye tumefanya nae biashara miaka mitatu bila shida alichukua gunia 38, gunia moja 170,000, jumla 6,460,000. Akanipa milioni moja na nusu akasema mama hii nyingine giza hili likiisha nakumalizia. Giza, yaani zile siku zisizo na mwezi tunazopata dagaa, likaisha, mbalamwezi ikaja ikapita, likaja giza lingine, simu hapokei, mara anapokea mtoto anasema baba kaoga. Ananidai yeye au namdai mimi Shangazi?? 4,960,000 na nusu yake ni hela ya kikoba, wenzangu wananiangalia jicho la pembeni.

Nikafungua kesi mahakama ya mwanzo. Ushahidi ninao, daftari langu lile gumu ambalo aliandika idadi kwa mkono wake akasaini, meseji yake inasema "vumilia mama hela yako utapata", na kijana kuli aliyepakia mzigo kwenye gari. Basi nikaanza kupigwa tarehe. Tarehe tisa! Mara hakimu yuko semina, mara ana msiba, mara jalada halionekani. Nauli kwenda na kurudi, boda, dagaa wangu juani namwachia mtoto mdogo na mvua za huku unazijua hazipigi hodi, siku moja nimerudi nimekuta chanja nzima imelowa wameanza kunuka.

Tarehe ya saba karani akanivuta pembeni akaniambia mama tumia akili, jalada halina miguu. Akataka 150,000. Nilimtumia 50,000 kwa simu, namba aliyonipa ikaja jina la mwanamke sio jina lake. Kweli tarehe iliyofuata kesi ikasikilizwa, sikatai. Lakini nilipotoa simu nionyeshe meseji hakimu akasema simu sio nyaraka rudisha kwenye pochi. Kuli wangu yuko nje kwenye benchi toka asubuhi hajala, hakimu akasema shahidi mmoja anatosha, na huyo mmoja ni mimi mwenyewe.

Siku ya hukumu nimefika mapema nikamwona mdaiwa wangu anatoka ofisini kwa hakimu anacheka. Tukaingia, hukumu ikasomwa dakika tatu hazifiki, madai hayajathibitika, haki ya rufaa siku 30, tawanyikeni. Leo ni siku ya 16. Kila nikienda kuomba nakala ya hukumu karani anasema mashine haina wino njoo kesho.

Mume wangu anasema tuachane nayo tutafute hela nyingine. Shemeji anasema kuna wakili anakaa stendi Nyegezi kwa 300,000 anayamaliza hukohuko. Mimi nataka hela yangu na nataka huyu hakimu afukuzwe kazi. Nimeshaandika barua ya kurasa sita, nataka nipeleke kwa mkuu wa mkoa, waziri na Ikulu. Nianze na nani? Na ile 50,000 itanifunga?

Mama Dagaa, Igombe

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole ya dagaa kulowa, hiyo nayo ni hasara ambayo hakuna hukumu itakayoiandika.

Nilikupigia kabla sijaandika hapa maana kilichonishtua kwenye barua yako sio karani wala yule anayecheka, ni ile namba 16. Una siku 14 mkononi na unazitumia kuandika barua ya Ikulu. Hapana. Ikae kwanza hiyo, tutairudia.

Mimi nimekaa mahakamani miaka ishirini na kitu, mezani kwa masijala, kabla sijastaafu nikaanza kusaidia watu huku mitaani. Kosa ninaloliona kila mwezi ni hili unalotaka kufanya. Mtu ameonewa, ana hasira, anaona hakimu na hukumu ni kitu kimoja, basi anapiga kelele kila ofisi akidhani kelele zikitosha hela itarudi. Hairudi. Malalamiko hayageuzi hukumu. Hata hakimu huyo akifukuzwa kesho saa mbili asubuhi, karatasi inayosema dai lako halijathibitika itabaki palepale mpaka mahakama ya juu yake iitengue. Na ukishinda rufaa nayo, hakimu ataendelea kunywa chai yake, maana kukosea sheria kwenyewe sio utovu wa nidhamu, ndo maana rufaa zikawekwa. Ni njia mbili, milango miwili tofauti. Mmoja una saa ukutani na mwingine hauna haraka hiyo. Unaanza na wenye saa.

Nilimpokea mama mmoja zamani, sio wa Mwanza, alipeleka barua ofisi saba, chini kaandika nakala kwa, nakala kwa, mpaka karatasi ikajaa. Akajibiwa baada ya miezi mitano, barua nzuri ina nembo, inasema unashauriwa kukata rufaa. Miezi mitano! Alipoenda kuomba aongezewe muda akaambiwa eleza kila siku uliyochelewa ulikuwa unafanya nini, akawa anasema nilikuwa nasubiri jibu la mheshimiwa. Haikumsaidia. Muda unaweza kuongezwa kweli, sheria inaruhusu, lakini ni kuomba na unaweza kunyimwa.

Sasa sikiliza kuhusu huyo karani na wino wake. Rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo haipelekwi kwake. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inasema unaifungua Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku hizo 30, kwa hati ya sababu za rufaa uliyoisaini. Mahakama ya Wilaya ndo inaliita jalada toka huko chini. Yaani mlango unaopigania kufunguliwa sio mlango wako kabisa. Na nakala ya hukumu? Watu wengi sana wamekufa na siku 30 wakisubiri nakala, wakati kwa rufaa zinazoanzia Mahakama ya Mwanzo sheria haikulazimishi kuiambatanisha, na Mahakama za juu zimeshalisema hilo zaidi ya mara moja. Ukiipata vizuri, itakusaidia kuandika sababu zako ukijua hakimu kaandika nini. Usipoipata unaenda hivohivo na ulichosikia kwa masikio yako. Ila iombe kwa barua, sio kwa mdomo. Andika mistari mitatu, toa fotokopi, ipeleke, ile kopi yako wagonge muhuri wa kupokea na tarehe. Karani anaweza kukuambia njoo kesho mara kumi na wewe huna ushahidi hata wa mara moja, lakini muhuri ukishagongwa haubishaniwi.

Hati yenyewe usiifanye kurasa sita. Hakimu kuwa na kiburi, mdaiwa kucheka, watoto kulala njaa, najua vinauma ila sio sababu za rufaa. Una sababu na ni nzito. Ulikuwa na shahidi yupo nje ya mlango, akakataliwa bila sababu. Ulikuwa na meseji ya mdaiwa anayekiri deni, ikakataliwa eti kwa kuwa iko kwenye simu, wakati tangu 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inayosema ujumbe haukataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Na daftari lenye saini yake halikupimwa. Andika kila moja mistari miwili mitatu, na usiishie kusema alikosea, sema hilo kosa lilikukosesha nini, maana Mahakama ya Wilaya haitengui hukumu kwa kosa dogo la utaratibu, mpaka ione kosa lenyewe limefanya haki isitendeke. Halafu mwishoni omba ushahidi wa yule kijana upokelewe. Hiyo mahakama ina mamlaka ya kuusikiliza yenyewe au kuagiza usikilizwe, wengi hawalijui hilo wanadhani rufaa ni kusoma makaratasi tu.

Andika kwa Kiswahili. Huku Mahakama ya Mwanzo siku zote ilikuwa Kiswahili, tabu ilikuwa ukipanda juu. Nakumbuka mzee mmoja wa Ukerewe alikuja na hukumu yake ya rufaa kaikunja ndani ya mfuko wa nailoni, kapanda nayo meli, kapeleka kwa mwalimu wa sekondari amsomee kama ameshinda au ameshindwa, mwalimu nae kashindwa, ndo ikafika kwangu. Alikuwa ameshinda! Miezi miwili anatembea na ushindi wake hajui. Tangu 2021 sheria imegeuzwa, lugha ya mahakama ni Kiswahili, basi tumia haki hiyo.

Kwa pesa ya wakili, huyo wa stendi achana nae. Hao ni vishoka. Wakili wa kweli ana jina kwenye orodha ya mawakili, Mahakama wana mfumo wao wa e-Wakili unaangalia kwa simu kama yupo na kama ana ruhusa ya kufanya kazi. Na mtu anayekuambia atayamaliza hukohuko kwa 300,000 anakuuzia ugonjwa uleule uliokuleta kwangu, ila kwa bei ya jumla. Tafuta msaada wa kisheria, upo kisheria tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, unatolewa bure kwa asiye na uwezo. Uliza halmashauri yako wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria walioandikishwa, au fika pale Buswelu kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, ni kimoja cha vile sita vya kwanza vilivyozinduliwa 2021, mahakama za ngazi mbalimbali ziko jengo moja. Ukishindwa ada ya rufaa, omba usamehewe, usikae nyumbani kwa sababu ya ada. Na usisubiri siku ya 29 maana siku hizi usajili ni kwenye mfumo na mfumo nao una siku zake, ukiambiwa mtandao uko chini na keshokutwa ni siku ya 31 utalia.

Haya. Rufaa ikishapokelewa, sasa tulete ile hasira yako mezani.

Kurasa sita hizo kata ziwe mbili. Lalamiko juu ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo lina mahali pake, Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama ya Wilaya, iliyowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011. Mwenyekiti wake Mkuu wa Wilaya. Ya mkoa inaongozwa na Mkuu wa Mkoa. Wanachunguza, wanamsikiliza na hakimu mwenyewe, halafu mapendekezo yanapanda Tume ya Utumishi wa Mahakama ambayo mwenyekiti ni Jaji Mkuu, huko ndo nidhamu yake inaamuliwa. Waziri hana rungu hapo, Ikulu watairudisha hukuhuku chini. Mimi binafsi sijawahi kupenda DC kukalia kiti cha kuwapima mahakimu, mteule wa Rais anachungulia kazi ya mhimili mwingine, na hakimu wa wilaya hiyohiyo kesho anaweza kuwa na kesi ambayo serikali ina maslahi, atatulia kweli? Lakini ndo sheria ilivyo kwa sasa, na nikiwa mkweli kwa mama wa Igombe ofisi ya DC inafikika kwa daladala, Dodoma haifikiki.

Kwenye lalamiko andika ulichokiona tu. Ulimwona mdaiwa anatoka ofisini kwa hakimu kabla ya hukumu. Andika tarehe, saa, nani mwingine alikuwepo kwenye benchi. Usiandike amepewa hela, hukuona hela. Hicho ulichokiona kinatosha kuulizwa, kwa nini upande mmoja uingie ofisini peke yake siku ya hukumu wakati mwingine yuko nje? Ajibu yeye. Ukiandika hela atakuuliza ushahidi uko wapi na lalamiko zima litageuka kesi ya kumchafua. Ziandike na zile tarehe tisa moja moja na sababu uliyopewa kila siku. Hapo niwe wa haki kidogo, hakimu mmoja unakuta anahudumia mahakama zaidi ya moja, semina zipo kweli na misiba ipo, sio kila kuahirisha ni hila. Katiba yetu ibara ya 107A inataka haki isicheleweshwe bila sababu ya msingi, kwahiyo swali ni kama sababu ilikuwepo. Jalada halionekani mara tatu halafu linaonekana likishatumiwa 50,000, hiyo sio semina.

Ukinyimwa huduma ndogondogo kama nakala na tarehe, usiruke mpaka kwa DC, nenda kwa Hakimu Mfawidhi wa Wilaya, yule msimamizi wa mahakama za wilaya. Karani sio hakimu, nidhamu yake inaanzia kwa wakubwa wake wa kazi. Ukimkuta mfawidhi mzuri hilo la wino linaisha siku hiyohiyo.

Tuje kwenye 50,000, sitakudanganya. Sheria ya rushwa ya 2007 inamgusa anayepokea na anayetoa. Ndo hofu inayowafunga watu midomo, na makarani wa aina hiyo wanaijua vizuri hofu hiyo, ndo mtaji wao. Lakini kuna tofauti ya mtu aliyenunua hukumu na mama aliyebanwa alipe ili faili lake mwenyewe litolewe kabatini, na kuna tofauti kubwa zaidi ya aliyeenda mwenyewe kusema na aliyekamatwa. Nenda TAKUKURU, au piga 113 ni bure, eleza lote ulivyolifanya, usipunguze sehemu yako wala usiongeze ya mwenzako, na kabla ya kuweka saini kwenye maelezo yako ongea na huyo msaidizi wa kisheria akae na wewe. Meseji ya muamala usiifute! Hata kama jina ni la mwanamke usiyemjua, namba ina mwenyewe na wao wanajua kumtafuta. Kuna na sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ya 2015, iulizie hapohapo. Na karani akikuomba ile laki iliyobaki, usimtukane, usimpe, mwambie unatafuta, halafu uwapigie.

Mwanza tulikuwa wa kwanza na Dar kuletewa mahakama inayotembea, 2019, lile gari lenye chumba cha mahakama ndani. Nilifurahi, nikapanda kulichungulia kama mtoto. Kusogeza gari ni rahisi, faili bado linashikwa na mkono wa mtu.

Mume wako usimkasirikie. Anahesabu nauli na chanja iliyolowa, na hesabu yake sio mbaya. Mwambie hivi, rufaa ni safari chache kuliko tarehe tisa, na ukishindwa huko wilayani mtakaa chini mwamue kama mnaenda Mahakama Kuu, nako ni siku 30 nyingine. Kikoba nao wape taarifa, wakiona ile hati yenye muhuri jicho la pembeni litapungua.

Kesho asubuhi barua ya nakala, muhuri. Keshokutwa msaidizi wa kisheria na daftari lako, usiliache kwa mtu hata kama anakuambia anaenda kupiga fotokopi, ongozana nae. Ijumaa hati iwe imeingia wilayani. Na huyo kijana kuli mtafute leo usiku huuhuu, chukua namba yake na namba ya ndugu yake, maana umeniambia giza likianza huwa anavuka kwenda kisiwa cha Irugwa na akishavuka humpati tena mpaka mwezi utoke.